Zamu Moja, Mnyama Mmoja

Mtaani walimwita Mama Zamu, na mwenyewe hakuona ubaya. Alishona sare za shule barazani kwake, na wiki ya kufungua shule, wateja wakijaa kama siafu, kila mmoja alipewa kipande cha kitambaa chenye namba ya chaki. Mwalimu mkuu mzima aliwahi kuambiwa aketi asubiri, kwani namba kumi na saba ndiyo kwanza anapimwa kiuno. Akaketi. Angefanyaje?

Nyumbani ndiyo usiseme. Kila mwaka, msimu wa sare ukiisha, familia ilipanda basi kwenda mji mkubwa wenye bustani ya wanyama, na sheria ilikuwa ileile: mwaka mmoja, zamu ya mtu mmoja, mnyama mmoja. Mwenye zamu akichagua simba, basi wote ni simba kutwa nzima. Majirani walicheka, eti watu wanasafiri saa sita kwenda kutazama pundamilia amelala. Haya, chekeni. Waliozunguka bustani nzima mbiombio walirudi na picha; watoto wa Mama Zamu walirudi wanajua simba jike anaanza kulamba mguu upi. Hapo lazima umvulie mtu kofia.

Mwaka huu ilikuwa zamu ya kitinda mimba, binti wa miaka minane, zamu yake ya kwanza, na ameingoja miaka mitatu mizima. Alichagua tembo. Walipofika, uwanja wa tembo ulikuwa mtupu. Mtunza wanyama akawaeleza kwamba tembo ana jeraha mguuni, yuko bandani, nyuma ya ukuta, anatiwa dawa. Huenda akatoka, huenda asitoke.

Kaka zake wawili wakaanza kunong'ona kuhusu chui. Baba yao, fundi bomba, mtu asiyependa shari, akasema labda leo sheria ilegezwe kidogo. Mama Zamu akatandika shuka kwenye nyasi. Zamu ni ya mtoto, alisema, na mwenye zamu ndiye wa kusema twende.

Wakakaa. Saa tano, saa saba, saa tisa. Watu walikuja, wakatazama ukuta, wakasonya, wakaondoka. Mama hakuinuka hata kunyoosha mgongo, na mgongo wenyewe ndio huo wa mshonaji. Roho ilimuuma. Mtoto angoje miaka yote hiyo, kisha aoneshwe ukuta?

Saa kumi na nusu, bustani ikibakiza nusu saa ifungwe, mtoto akamgeukia.

"Mama, kwani zamu yako huwa lini?"

Mama akaanza kuhesabu kwa vidole. Baba, kaka mkubwa, kaka mdogo, kitinda mimba, kisha baba tena. Foleni aliipanga mwenyewe, na mwenyewe hakujiweka. Mumewe aliinamisha kichwa kwa aibu.

"Basi chukua yangu iliyobaki," mtoto akasema. "Unamtaka nani?"

"Kiboko," akajibu papo hapo, bila hata kufikiri.

Kiboko alikuwa upande wa pili kabisa. Mama Zamu akakunja gauni, akatimua mbio, mume na wana nyuma yake na shuka likiburutwa. Mbele yao kitinda mimba alipenya katikati ya watu waliokuwa wakitoka, akiwaomba kwa adabu:

"Samahani, tupisheni kidogo. Ni zamu ya mama."