Majina Hafifu Mlimani

Niliondoka Nyeri nikiwa na hasira, na afadhali niseme hivyo mapema. Kwa miezi kadhaa kazi yangu kwenye kampuni ya programu za simu ilikuwa moja tu: ile orodha ya mitandao ya waifai inayotokea kwenye simu. Ukiifungua unakutana na majina ya majirani wote, mengine hafifu hata hayaunganiki. Niliisafisha. Mitandao dhaifu nikaificha, yenye nguvu nikaipandisha juu. Tuliwapa watu wachache waijaribu kabla ya kuisambaza kwa wote Jumatatu, nao wakaisifu, isipokuwa kiongozi mmoja wa wapagazi wa mlimani aliyeandika kutoka Naro Moru: "Rudisheni yale majina madogo. Mtapoteza watu." Nikasema huyu hajui kutumia simu. Nikafunga safari kwenda kumfundisha.

Saa mbili asubuhi nilikuwa Naro Moru. Aliyeandika alikuwa Mama Ciru, mwanamke mfupi wa makamo mwenye koti la mvua na simu ya zamani iliyopasuka kioo. Yeye na wapagazi watano walikuwa wakifunga mitungi ya gesi na magunia ya unga ya kupeleka kambi ya juu. Nikaanza somo langu palepale. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanitupia buti.

"Hizo viatu zako ni za ofisi," akasema. "Vaa hii twende. Huko juu ndio utanielezea vizuri."

Mchana kutwa tulipanda katikati ya mianzi. Mpagazi wa mwisho kwenye msafara alikuwa Muriuki, kijana mrefu aliyebeba mtungi mgongoni na bado alikuwa na pumzi ya kunitania.

"Madam, hii gesi ni light," aliniambia. "Nzito ni hiyo maneno yako."

Tulilala kambi ya kwanza. Asubuhi mawingu yalifunguka nikauona mlima. Nimeuona maisha yangu yote kutoka jikoni kwa mama yangu, kijijini Endarasha, nikidhani tunajuana. Kumbe nilikuwa nimeona kofia tu. Vilele vilisimama juu yetu, vyeusi, na theluji kidogo kwenye mikunjo.

Saa saba mchana, juu ya eneo la tope, ukungu ulishuka. Nilinyoosha mkono na vidole vyangu vikawa vya kukisia. Mama Ciru akapuliza filimbi mara moja, na wapagazi wote wakawasha hotspoti za simu zao. Pale hakuna mtandao wa kupiga simu, ila simu moja inaweza kuiona nyingine iliyo karibu, na kila mmoja ameipa hotspoti yake jina lake. Mama Ciru, ambaye baada ya majaribio alirudisha orodha ya zamani kwenye simu yake, akaifungua akasoma kama mwalimu anayeita majina darasani.

"Kamau. Gitonga. Njoroge. Mwangi." Akateremsha kidole kwenye kioo. "Muriuki iko chini kabisa. Ameachwa nyuma."

Nikatazama simu yangu, yenye ile orodha yangu mpya. Majina manne. Safi kabisa.

"Kwangu hayupo," nikasema.

"Si ndio nilikuwa nawaandikia."

Aliwaamuru wengine wakae palepale, sisi wawili tukarudi nyuma. Tuliita, upepo ukameza sauti. Jina likapotea. Akazima waifai, akaiwasha tena, likarudi na mstari mmoja wa nguvu. Ndipo akafanya jambo ambalo sitalisahau. Aliibana simu kifuani, akageuka polepole, hatua kwa hatua, macho kwenye kioo. Akielekea upande mmoja, mistari miwili. Akiupa upande huo mgongo, hakuna kitu.

"Mwili yangu inamziba," akasema. "Nikimpatia mgongo, anapotea. Sasa si ni huku ako?"

Mambo haya niliyasoma chuo kikuu. Najua mwili wa mtu ni maji mengi na kwamba maji huzuia mawimbi hayo. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani nikapewa alama zote. Haikunijia hata siku moja kwamba mtu anaweza kusimama kwenye ukungu na kulitumia jibu lake kumtafuta mwenzake. Nilimfuata yule mama nikiwa na aibu, na nikimstaajabia hata nikasahau kuogopa.

Muriuki alikuwa ameketi chini ya mmea mkubwa wa lobelia, nje ya njia, goti limevimba, midomo imebadilika rangi. Simu aliishika kwa mikono miwili, betri ikikaribia kuisha.

"Nimeita mpaka koo imekauka," Muriuki alinong'ona. "Nikasema wacha, si nimewasha. Wataniona."

Tukamvisha makoti yetu. Mama Ciru akapuliza filimbi, wengine wakaifuata wakambeba hadi kambini, na kesho yake akateremshwa hadi zahanati ya Naro Moru. Nilimrudishia Mama Ciru buti zake. Sikumfundisha chochote.

Jumatatu asubuhi, Nyeri, nilikuwa nimeyarudisha majina hafifu; bosi alitazama kazi yangu akasema orodha imerudi kuwa chafu. Nikamweleza habari za Muriuki, kuanzia buti mpaka lobelia. Akaahirisha usambazaji. Nilikuwa nimejifunza kwamba jina hafifu kwenye orodha huenda lina mtu anayelitegemea. Sasa majina dhaifu yanabaki, chini lakini yanasomeka, na kando ya kila moja kuna dakika zilizopita tangu lionekane mara ya mwisho. Orodha yenyewe hujisasisha, hakuna haja ya kuzima na kuwasha.

Nilimtumia Mama Ciru orodha hiyo kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Siku mbili baadaye ulikuja ujumbe wa sauti, na haukuwa wake. Goti la Muriuki lilikuwa limepona nusu, na alikuwa akiijaribu orodha yangu pamoja na Mama Ciru uwanjani kwao.

"Madam, nimeenda mbali kabisa, mpaka kwa shamba ya viazi," alisema. "Mama Ciru anasema ananiona. Niko wa mwisho, lakini niko."