Wawili wa Kunisindikiza Kigoma

Kwa majirani zangu wa Mwanza, mimi nilikuwa Muha. Niliwaambia hivyo mwenyewe, wiki ile ile nilipopanga chumba huku mlimani juu ya Igogo, mama mwenye nyumba aliponiuliza natoka wapi. "Kigoma," nikasema, kwa sababu lafudhi yangu ingeniumbua kama ningetaja kwingine. Na kweli Kigoma nilipita. Nilipita nikiwa nyuma ya lori, nikitokea Burundi, nikaishi kambini miaka mitatu, kisha nikatoka kwa kibali cha siku saba na sikurudi tena.

Uongo nao unataka matunzo. Nilijifunza kusifia migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika ambao sijawahi kuwaonja. Pale mwaloni, ufukweni ninakoanika dagaa, wanawake wenzangu wakinitania, "We Muha, hivi ziwa lenu limekauka mpaka ukaja kwetu?", jibu nilikuwa nalo tayari, tukacheka wote. Kulikuwa na mchuuzi mmoja Muha wa kweli. Huyo nikimwona nazunguka njia nyingine. Nilicheka sana miaka ile, na sijapata kuwa mpweke kiasi kile. Walimpenda mtu ambaye hayupo, na mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha na kumvika.

Kilichonipa nafasi mtaani ni misiba. Huku usipozika wenzako, hata salamu yako inaitikiwa nusu. Mimi nilizika. Nilichota maji, nilikoroga uji, nilisugua masufuria hadi vidole vikachubuka. Bibi wa nyumba ya pili alipofiwa na mumewe, mimi ndiye niliyemtolea makochi nje ili mikeka itandikwe na watu wapate pa kukaa. Tangu siku ile akawa ananiita mwanangu.

Mwaka jana, asubuhi moja nikigeuza dagaa mchangani, kaka yangu alipiga simu kutoka kwetu. Mama amefariki. Walikuwa wamemzika juzi yake, na namba yangu ilikuwa haipatikani. Akasema pole, simu ikakatika. Nilikaa chini pale pale, juu ya dagaa wa watu, na jambo la kwanza nililofanya, naona aibu kuliandika, ni kuuma kitambaa cha kichwani ili nisilie kwa Kirundi.

Wenzangu waliambulia neno moja tu kwangu, "mama", wakanishika mikono wakanipandisha nyumbani. Nilipotoka kuoga nilikuta kitanda changu kinapitishwa mlangoni. Desturi naijua, nimewatolea wengine vya kwao. Lakini vitu vyangu vilishawahi kutolewa nje na watu ambao hawakuja kunipa pole, na mikono yangu haikungoja akili. Nilidaka mguu wa kitanda nikavuta. Nilivuta kwa hasira hasa, mbele za watu. Yule bibi akanibandua vidole kimoja kimoja.

"Acha, mwanangu," akasema. "Kitarudi."

Kufika saa sita mikeka ilikuwa imejaa watu, na nje turubai limeshafungwa. Balozi wetu wa nyumba kumi akaingia, akavua kofia, akachuchumaa mbele yangu.

"Pole sana, dada. Sisi wanamtaa tumeshakaa tukaongea. Haiwezekani ukazike peke yako wakati majirani tupo. Tumechagua wawili wa kukusindikiza Kigoma, bibi yako huyu na yule mzee fundi cherehani. Tutajie tu kijiji, na mazishi ni lini, ili mtu akimbie Nyegezi kuulizia basi la kesho."

Nikamtazama bibi. Magoti yake ni mabovu, hata sokoni hashuki. Alikuwa amekaa na kapu lake limeshafungwa.

Ningeweza kusema mazishi yamekwisha, na Kigoma ikabaki kuwa Kigoma. Nililifikiria hilo, sitajifanya mwema. Lakini wangeuliza mama alizaliwa wapi, alikuwa akifanya nini, na mimi ningelazimika kuwatungia mama mwingine. Nilikuwa nimedanganya kuhusu kila kitu changu isipokuwa yeye. Sikutaka azikwe mara ya pili, safari hii kama Muha.

"Sitoki Kigoma," nikasema. "Mimi ni Mrundi. Ni mkimbizi. Mama ameshazikwa, huko kwetu, na mimi huko siwezi kwenda. Balozi, kama ni kunipeleka kunakohusika, naomba matanga yaishe kwanza."

Mwenzangu mmoja wa pale mwaloni, aliyekuwa akinitania kuliko wote, aliinuka, akajifunga kanga yake vizuri, akatoka. Huyo hanisemeshi mpaka leo, na simlaumu. Wengine wawili watatu wakamfuata. Balozi aliigeuzageuza kofia yake mkononi.

"Kwa hiyo safari haipo," akasema mwishowe.

"Haipo."

"Basi hayo mengine tutayaongea siku nyingine."

Hajayaongea bado. Kila nikikutana naye njiani namwamkia haraka, napita.

Bibi alisogeza kapu lake pembeni, akaja kukaa karibu yangu, taratibu, akijishika ukutani.

"Haya, lia sasa," akaniambia. "Huko kwenu mnaliaje?"

Nikalia. Nililia kwa Kirundi, kwa sauti yangu yote, kwa mara ya kwanza tangu nitoke kambini. Nilimwita mama kwa majina yote tuliyomwita nyumbani. Nilimweleza kwa nini sikuja, nikamwomba asinichoke. Watu waliobaki walinisikiliza hadi nilipomaliza. Hakuna hata mmoja aliyeelewa neno, na yule ambaye angenielewa alikuwa ameshazikwa.