Godoro Lililotoka Nyumba ya Mlango Mmoja

Jumapili moja, saa nane mchana, msichana wa Bwaise, mtaa wa mabondeni Kampala, alipotea kutoka kwenye nyumba yenye mlango mmoja tu.

Alipotea pamoja na godoro lake.

Na sanduku lake la bati.

Kinachoumiza kichwa ni kwamba mlangoni alikuwa amekaa baba yake, Okullo, sajenti mstaafu, miaka ishirini na tisa jeshini, macho makavu, hajaonja hata tone la pombe.

Habari hii nimeipata kwa mkewe mwenyewe, Lanyero, kwa hiyo msiniulize kama ni kweli.

Kwanza mjue kitu kimoja. Okullo aliipenda nyumba yake kupita kiasi. Aliijenga miaka tisa, upande wa juu ambako mafuriko hayafiki. Mgeni hakupewa chai kabla ya kutembezwa vyumba vyote. Aliyekuwa mbali alitembezwa kwa simu.

Saa tisa siku hiyo akamwita binti yake, Abalo, amletee maji.

Kimya.

Akaita tena. Kimya. Akaenda mwenyewe.

Chumba kilikuwa kitupu. Kitandani mbao tu.

Mkewe alikuwa jikoni, hatua nne kutoka hapo. Hakumuuliza. Kuuliza hakukuwa desturi yake. Alivaa viatu akaenda polisi mbiombio.

Pale alimkuta askari mmoja mtu mzima, Kamis, naye akachukua karatasi na kalamu.

“Binti iko na miaka ngapi?”

“Ishirini na sita. Sasa sikiliza, afande. Ukiingia unakuta sebule, futi kumi na nne kwa kumi na sita. Kutoka hapo kuna korido.”

“Alivaa nini?”

“Korido imenyooka kama gwaride. Kulia vyumba vitatu: changu, cha wageni, cha Abalo mwisho kabisa. Kushoto bafu, stoo, jikoni. Mlango wa nyuma wa jikoni niliuziba kwa matofali, sababu ya wezi. Madirisha yote yana nondo za milimita kumi na mbili.”

“Anafanya kazi wapi?”

“Sokoni Kikuubo. Kwa mama mmoja Mkenya, anauza vitambaa.”

“Anaitwa nani huyo mama?”

Okullo akakuna kidevu. Unene wa nondo aliujua. Jina la huyo mama hakulijua.

Kamis akaweka kalamu chini.

“Mzee, nyumba nimeijua sasa. Mtoto bado.”

Wakaenda wote wawili nyumbani. Kamis akatikisa nondo, dirisha moja baada ya jingine. Akagonga yale matofali ya jikoni. Akatazama dari. Kila kitu kilikuwa imara kama mwenye nyumba alivyosema.

Alipokuwa anatoka, pale pale mlangoni, akaona mkwaruzo kwenye rangi ya ukuta, usawa wa kiuno. Mpya kabisa.

“Hii nini?”

Okullo akapandwa na hasira papo hapo. “Hiyo ni lile sanduku. Nilimwambia ainue upande wa nyuma, lakini yeye...”

Lanyero akatokea jikoni akifuta mikono kwa kanga.

“Malizia, Baba Abalo. Mwambie afande.”

Akamalizia mama.

“Ulikuwa kwenye simu na ndugu yako wa Kitgum, unamweleza nyumba. Abalo akapita na mfuko wa nguo, akasema, Baba, leo ninahama. Ukampungia mkono. Akapita na godoro. Ukakunja miguu apate nafasi, huku unaongea habari ya dari. Mara ya tatu akasimama mbele yako na sanduku, akasema, Baba, kwaheri.”

“Mimi nikasema nini?”

“Uliziba simu kwa kiganja. Ukamwambia, inua nyuma, utanikwaruzia ukuta.”

Okullo akakaa kwenye kiti chake.

“Yeye akafanyaje?”

“Alisimama kidogo. Halafu akainua nyuma.”

Kamis akakunja karatasi yake taratibu. “Hii kesi siwezi kuandika, mzee. Nitaandika kwamba mlalamikaji alimpisha?”

Akaenda zake.

Kesho yake Lanyero akampeleka mumewe mtaa wa Old Kampala. Alikuwa amejua muda wote binti yuko wapi. Ni hivyo tu, hakuna aliyemuuliza.

Kilikuwa chumba kimoja cha kupanga. Abalo akafungua, akapiga goti kumsalimia baba yake, kisha akasimama katikati ya mlango. Hakumkaribisha.

“Umekuja kunirudisha?”

“Nimekuja kujua kwa nini.”

“Nilikuambia tangu Februari, Baba.”

“Niambie tena.”

Akamwambia. Mama Awiti, yule Mkenya, amempa kibanda cha pili akisimamie mwenyewe. Malori yanashusha mizigo saa kumi na moja alfajiri. Geti la nyumbani linafunguliwa saa moja asubuhi, na ufunguo anao baba.

“Ungeniomba nifungue mapema.”

“Ungesemaje?”

Okullo akafikiria. Alitaka kudanganya, akashindwa.

“Ningesema hapana.”

“Ndiyo maana sikuomba. Niliaga.”

Mwishowe Abalo akasogea pembeni, mzee akainama akaingia. Lanyero anasema mumewe alikaa hapo saa tatu nzima, na maneno yake mwenyewe hayakuzidi ishirini.

Siku hizi huenda huko kila Jumapili. Akirudi, anakuwa na habari za binti ambazo hata mama yake hana, na mama anaumia kidogo kwa wivu.

Mimi ninachowaambia ni hiki. Mtu wa nyumbani kwako akisimama mbele yako mara ya tatu, acha unachofanya umsikilize. Huenda hakuna mara ya nne.