Kaeni Kama Mnavyokaaga

Mume wangu Badru hapimi gari tupu, hata umpigie magoti. Ukimletea gari lako hapa Mbagala Kizuiani akuangalizie matairi ya nyuma, swali lake la kwanza ni, "Huwa mnapanda nani na nani?" Ukishamjibu, atakwambia kawalete. Waje wakae ndani, kila mtu mahali pake, ndipo afunge nyuzi zake aanze kupima. Anasema gari tupu linadanganya. Likibeba watu wake linakaa jinsi linavyokaaga barabarani, na hapo ndipo matairi yanaonyesha yanaelekea wapi.

Mie nauza supu na chapati pembeni ya gereji yake, kwa hiyo vituko vyote naviona. Mwalimu Adelard alipoleta Noah ya kwaya, iliingia nusu ya kwaya, wakajibana humo ndani na joto hili letu, na walipochoka kukaa kimya wakaanza kuimba. Badru kalala chini na rula yake, anawapigia kelele, "Imbeni, ila msicheze!" Weee! Nilicheka mpaka chapati ikaungua.

Watu wanamwita Fundi Kaeni. Hana habari nao. Hiyo sakafu anayoegeshea magari aliimwaga saruji kwa mkono wake, na kila asubuhi anamwaga kikombe cha maji katikati aone kama yanakimbilia upande wowote. Siku moja nikaanika dagaa hapo. Jamani! Mwanaume ambaye hajawahi kunipandishia sauti tangu anioe, siku hiyo alininunia mpaka Isha. Kwa dagaa!

Sasa, kulikuwa na mteja wake wa miaka mingi, Marijani, jitu la miraba minne, mwenye gari jeupe aina ya Karina. Akija kupimiwa, yeye anakaa kwenye usukani, na mkewe Chausiku anakaa nyuma, upande wa kushoto. Kiti cha mbele cha abiria kilikuwa cha masinia ya maandazi na vitumbua, maana Chausiku alikuwa anauza maofisini huko mjini na Marijani ndiye aliyekuwa anamzungusha. Badru anapima huku chini, wao huko juu wanataniana mpaka gari linatikisika. Ilibidi awaombe wapumzike kucheka kidogo ili uzi utulie.

Marijani akafariki. Presha. Chausiku akakaa eda, na alipotoka eda shemeji yake Farhan akamleta gereji na ile Karina. Farhan ndiye aliyekuwa anaendesha. Chausiku alikuwa palepale pake, nyuma kushoto, na kiti cha masinia kitupu.

"Shikamoo fundi," Farhan akasema. "Hili gari linakwenda upande upande. Ili liende mbele lazima uushike usukani umepinda. Kuna mtu wa Mbezi Beach analitaka, anakuja jioni. Tunyooshee, tumalizane naye."

Nikampelekea Chausiku chai dirishani, nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Unauza kweli?"

"Nifanyeje, Mama Talha? Maandazi nimeacha. Gari linalala tu uani. Nani ataliendesha?"

"Si una leseni wewe? Si marehemu alikufundisha mwenyewe?"

"Alinifundisha. Lakini kile kiti chake nikikitazama tu, namwona yeye kakaa."

Roho iliniuma, haki ya Mungu. Gari likiondoka jioni ile, biashara yake imeondoka nalo, na Marijani kaondoka mara ya pili. Na mwenyewe alikuwa hataki. Alikuwa kakishika kikombe kwa mikono miwili na hanywi.

Badru wala habari hana. Kasimama na uzi wake mkononi. "Nani atakuwa analiendesha?"

"Si huyo mnunuzi," Farhan akajibu.

"Mnene au mwembamba?"

"Fundi, mie nitajuaje? Nimeongea naye kwenye simu!"

"Anapanda na nani?"

Farhan akashika kichwa. "Basi nikae mie, yaishe."

"Wewe ndiye utakayekuwa unaliendesha?"

"Hapana."

"Basi hutanisaidia kitu."

Hapo mie nikasema leo ndiyo siku ya kumcharaza huyu mwanaume na mwiko. Mjane wa watu ana majonzi yake, yeye anauliza unene! "Baba Talha," nikamwita, "hebu acha ukaidi wako, pima gari la watu."

Akaenda akainama kwenye dirisha la nyuma. "Shemeji, mie gari hili nilikuwaga nalipimia watu wawili. Sasa namjua mmoja tu. Sikulazimishi. Ila ukikaa mbele pale kwenye usukani, naweza kupima. Usipokaa, siwezi."

Mpaka leo sijui kama ulikuwa ukaidi au huruma. Nikimuuliza, ananiambia ilikuwa kazi.

Chausiku akanirudishia kikombe, akafungua mlango, akazunguka gari kwa nyuma huku kalishika kama mtu anayepita gizani. Akaingia, akakaa. Kiti kilikuwa nyuma kabisa, kama Marijani alivyokiacha. Farhan naye ni mrefu, hakukigusa. Miguu ya Chausiku ikawa haifiki kwenye pedeli. Akaushika ule mkono wa chuma wa chini ya kiti ili akisogeze mbele, akashindwa kukisogeza, akalia. Alilia kwelikweli, na sie tukamwacha alie. Alipomaliza, akajifuta kwa mtandio, akakivuta kile kiti mpaka miguu ikafika.

"Bado," Badru akasema. "Masinia yako wapi?"

Nikaelewa. Nikabeba sinia langu la chapati, la moto hivyohivyo, nikaliweka kwenye kiti cha abiria.

Ndipo akafunga nyuzi, moja kila upande wa gari, akalala chini na rula. Akapima ukingo wa mbele wa tairi la nyuma, akapima ukingo wa nyuma, akahamia upande wa pili. Akatoka na vumbi mgongoni. "Tairi la nyuma kulia linaangalia nje. Springi ya huku imelala. Marijani kaikalia miaka yote hiyo. Haina hatari, ila tukiibadilisha gari litasimama sawa."

"Badilisha," Farhan akasema.

"Usiibadilishe."

Alikuwa Chausiku, huko kwenye usukani. Hata Badru aligeuka.

"Fundi, unaweza kulinyoosha na hiyo springi ikabaki hivyohivyo?"

"Yaani gari lilale kulia, upande wa Marijani?"

"Lilale. Ila liende moja kwa moja."

Mie ninayemjua Badru nilijua atakataa. Mtu anayegombana na maji kwenye kikombe! Lakini alirudi chini na spana, akalegeza nati, akazungusha kidogo, akamwambia Farhan asukume gari mbele, alirudishe nyuma, matairi yakae. Akapima. Akazungusha tena. Farhan jasho linamtoka, shati limemganda, na hakuna aliyemwonea huruma. Mwishowe Badru akakaza nati, akasema, "Nenda ukalijaribu, shemeji."

"Peke yangu?"

"Mie nimekupimia wewe."

Akawasha. Likazima. Akawasha tena, akatoka polepole, akakunja pale kwenye duka la dawa, akapotea. Tukasubiri. Simu ya Farhan ikaita, mnunuzi. Farhan akaitazama ikiita, akatutazama, akamtazama tena fundi, kisha akapokea. "Samahani, braza," akasema. "Lile gari lina mwenyewe."

Chausiku akatokea upande wa pili wa barabara. Akatupita. Hakusimama! Honi moja tu, mkono dirishani, na chapati zangu zote zimo ndani.

"Sinia langu!" nikapiga kelele.

"Nyamaza, mke wangu," Badru akasema. "Tazama usukani, umenyooka."

Usukani mie sikuuona. Niliona gari kwa nyuma likielekea kwao, limelala kulia vilevile, utadhani Marijani bado yumo, na linakwenda moja kwa moja.