Mjohoro Wangu na Panga la Katekista

Siku waliyogawa miche shuleni, ngoma ililia tangu asubuhi. Wazazi walikuja na majembe begani, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Kijiji chetu kilikuwa kipya, mbele kidogo ya Rungwe Mpya, huku kwetu Buha. Tulipohamishiwa pale, miaka ile ya sabini, watu walifyeka kila kitu kwanza, kivuli wakakikumbuka baadaye. Sasa mwalimu akasema kila mtoto achukue mche mmoja wa mjohoro, autunze pamoja na watu wa nyumbani kwake.

Wenzangu walikimbilia miche iliyonyooka. Nilipofika mimi, ulikuwa umebaki mmoja, umepinda shingo kama mtu aliyekemewa. Nikauonea huruma, nikaukumbatia, nikaenda nao mpaka nyumbani. Baba akautazama pande zote.

"Huu ni mti, binti yangu, au ni fimbo iliyopotea njia?"

Mimi sikujali. Kichwani mwangu ulikuwa umeshakua zamani, una bembea, na chini yake nimekaa na shoga zangu tunakula karanga.

Mvua zilipokata, majani yake yakaanza kulegea. Maji tuliyafuata bondeni, na mama akasema wazi kwamba maji aliyopanda nayo kilima kichwani hayatanywewa na mti kabla ya watu. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyepata njia. Tangu siku ile, marufuku kunawa ndani! Kabla ya kula, wote tulitoka nje kunawia juu ya mche, hata mgeni. Baba alinawia miguu palepale, amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, huku analalamika kwamba siku hizi mti una cheo kuliko yeye.

Mchwa wakaja, Bibi akauzungushia majivu. Mbuzi wakaja, akausimikia uzio wa vijiti. Jua likawa kali, akauezekea paa la nyasi, kibanda kizima kimo chake kama banda la kuku, na mlango wake mdogo wa kupitishia mkono. Karibu na shina akafukia chungu kilichotoboka ili maji yatoke polepole. Na kila asubuhi alipiga magoti mlangoni akauamkia kwa Kiha: "Mwakeye! Umelalaje?"

"Bibi, unasikia kweli?" nilimwuliza.

"Wewe ulipokuwa mchanga ulisikia? Na nilikusemesha. Ndiyo maana leo hunyamazi."

Hakuna hata mmoja wetu aliyesimama mbali akatazama tulichokijenga. Aliyekitazama ni mama mmoja wa kwaya, alipokuja alfajiri kuazima jembe. Akamkuta Bibi amepiga magoti mbele ya kijumba cha nyasi, anaongea nacho. Ndani chungu, pembeni majivu, na baba ameinama anamimina maji. Kwetu Buha kila mtu anajua kijumba cha namna hiyo ni cha nani. Ni cha mizimu, kama vile walivyojenga babu zetu, na kama vile kanisa lilivyoamuru vibomolewe. Jembe lenyewe hakuliomba tena.

Baada ya misa ya Jumapili, katekista akaingia uani kwetu na panga.

"Mzee, umeniangusha," akamwambia baba. "Kijumba kile ni cha nani?"

"Cha mtoto."

"Maskini! Alikufa lini?"

"Hajafa. Si huyu hapa?"

Katekista akanitazama, akarudi nyuma hatua. Kisha akajikaza, akakielekea kibanda. Nilipoona panga linainuka nilikimbia nikaukumbatia uzio, vijiti vikanichoma tumbo.

"Usiukate! Ni wa shule! Bado mdogo!"

"Shule gani inafundisha mizimu?"

Bibi akaja taratibu, anafuta mikono kwenye kanga. "Mwanangu, inama uchungulie. Ukiona mzimu, kata. Halafu unikate na mimi."

Katekista akapiga magoti, akaingiza kichwa chote mlangoni. Tukasubiri. Sauti ikatoka mle ndani kama ya mtu aliye mtungini.

"Mbona ni mjohoro?"

"Eeh."

"Umepinda."

"Ndivyo tulivyopewa."

Akapiga chafya, akatoka na majivu kwenye paji la uso, na Kwaresima ilikuwa imekwisha zamani. Baba aligeukia ukutani, mabega yanatikisika. Mama akatoka na ugali na maharage, akamkaribisha mgeni. Kula bila kunawa hakuwezekani, na kwetu pa kunawia palikuwa mahali pamoja tu. Katekista akatazama barabarani huku na huku asije akapita yule mama wa kwaya, akanyoosha mikono juu ya mti, akanawa haraka kama anayeiba.

Aliposhiba akatoa hukumu. "Kibanda kibaki. Maji mwendelee kumwaga. Nitawaeleza watu mwenyewe. Ila kuuamkia, Bibi, hapana. Hilo siwezi kulieleza."

Bibi akakubali kwa heshima zote.

Kesho yake alfajiri nilimkuta amesimama kwenye uzio, midomo ameifumba kabisa. Mti nao kimya. Nilimwonea huruma kila mmoja wao. Mara Bibi akaugeuzia mti mgongo, akanikazia macho mimi, akapaza sauti:

"Mwakeye, mjukuu wangu! Umelalaje? Mbuzi hawakukusumbua? Na majani, yanaongezeka?"

"Yanaongezeka, Bibi," nikajibu.