Kibati Namba Kumi na Nne

Shangazi yangu alifanya kazi ya kuwa wa mwisho kwa miaka thelathini na minne. Sisemi kwa dhihaka, kazi yenyewe ndiyo hiyo. Wageni waliokuja kupumzika kisiwani kwetu walipochoka kulala ufukweni, hoteli iliwapeleka kupanda mlima wa volkano, na kila msafara ulikuwa na watu wawili wa kwetu. Aliyetangulia tulimwita Kichwa. Aliyefunga msafara, asiyeruhusu mtu yeyote abaki nyuma yake, aliitwa Mkia. Wageni wenyewe Shangazi aliwaita Tumbo, kwa sababu hawakuisha kuuliza chakula ni saa ngapi.

Kichwa ndiye aliyepigwa picha. Ndiye aliyesimulia jinsi mlima ulivyotapika moto enzi za mababu, na kila mwaka moto ule ulizidi kurefuka. Mkia alibeba plasta, maji ya akiba, na mabegi ya watu walioapa asubuhi kwamba wao hawachoki. Mimi jambo hilo liliniudhi tangu utotoni, nikamuuliza kwa nini haombi kutangulia. Alisema kila mtu anatembea vizuri zaidi akijua nyuma yake kuna mtu. Kisha akaniambia nimalize chai yangu, inapoa.

Alinilea yeye. Mama alifariki nikiwa mchanga, na baba, ambaye ni kaka yake, alikuwa ng'ambo akituma barua za sentensi tatu. Kwa hiyo nilikulia kwenye kibanda cha msafara, pale njia ya mlimani inapoanzia: kuta za mawe meusi, paa la bati, benchi moja, ndoo ya maji na harufu ya soksi. Nikiinusa harufu hiyo popote leo, hata kwenye chumba cha mtu nisiyemjua, natamani kwetu.

Ukutani kulikuwa na ubao wa bluu wenye misumari thelathini, na kila msumari ulibeba kibati chenye namba. Vibati alivikata mwenyewe kutoka kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, akavisugua kingo visimkate mtu. Asubuhi kila mgeni alivalishwa kimoja shingoni, na jioni akakirudisha. Msumari ukiwa mtupu, kuna mtu mlimani. Na Mkia haendi nyumbani mpaka ubao ujae. Hiyo ilikuwa sheria yake, na hoteli nzima iliijua.

Nilikuwa na miaka minane, shule zimefungwa, asubuhi walipokuja wageni wa hoteli pamoja na wengine wa meli iliyotia nanga kwa siku moja. Walivishwa vibati huku wenzao bado wanashuka garini. Hakuna aliyehesabu vichwa. Ya nini, na ubao upo? Vibati vichache vikabaki ukutani, na Shangazi alipoinama kumfunga mzee mmoja kamba za viatu, nikachomoa kimoja. Namba kumi na nne. Nilikivaa, nikazunguka nyuma ya kibanda nikijifanya mgeni, nikiwauliza kuku chakula ni saa ngapi.

Jioni wageni wakashuka, wakavua vibati, wakapanda magari yao. Meli ikaondoka. Shangazi akatazama ubao na kuona msumari mmoja uko wazi.

Mimi nilikuwa kwenye benchi, kibati kikinikwaruza kifua ndani ya blauzi. Kugusa ubao kulikuwa na adhabu yake na niliijua vizuri. Meneja wa hoteli akaja, akapiga kelele, wanaume wakajaa mlangoni, na kila mtu mzima aliyeingia alinifunga mdomo zaidi. Kichwa alisema mgeni amekwenda nacho kwao kama ukumbusho, watu wamalize. Shangazi akasema huenda, na huenda siyo, akajaza chupa ya maji na kurudi mlimani. Nikajiambia nitasema asubuhi. Asubuhi walimshusha kwa machela. Changarawe ilimteleza chini ya ukingo wa kasoko, lile shimo la kileleni, na nyonga ikavunjika.

Baada ya hapo ningesemaje? Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka kumi na tisa.

Hoteli haikukosa mtu. Meli ilijibu baada ya wiki mbili kwamba, inavyojua, abiria wake wote wapo. "Inavyojua," Shangazi alirudia, na neno hilo likamkaa. Aliporudi kazini, mguu mmoja ukibembea, alikuwa na desturi mpya. Kibanda hakukifunga tena kwa ufunguo, na kila jioni aliacha chupa ya maji kwenye benchi, mgeni asije akashuka usiku akakuta mlango umefungwa. Kwenye kona alipoangukia alisimama, akasalimia hewa, akaweka nusu ya yai alilochemshiwa kwa chakula cha mchana. Kichwa, ambaye aliyapenda sana mayai, alimkumbusha kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Hakupewa. Na mtu akimwambia akate kibati kingine cha kumi na nne, alijibu kwamba mwenyewe anacho.

Watu walicheka. Mimi sikucheka, na Shangazi alinipenda zaidi kwa hilo, jambo lililonikata maini kila mara.

Mwezi uliopita nilipata barua ya Shangazi kwenye duka la dawa ninakofanya kazi, mji wa mbali. Anastaafu. Hoteli imenunua bangili za mpira zinazoonyesha kwenye kioo cha kompyuta kila mgeni yuko wapi, na ubao wake utatundikwa kwenye ukumbi wa kulia, karibu na wavu wa samaki ambao haujawahi kuona samaki. Aliniomba nije tupande pamoja mara ya mwisho. Nilikitoa kibati kwenye kopo la vifungo, nikakifunga kwenye leso. Kama nisingesema siku hiyo, angeingia kaburini akiamini kwamba alimwacha mtu mlimani.

Asubuhi alinivalisha namba kumi na tano, akanigonga kidevuni kama zamani. Tulipita mashamba yaliyozungushiwa kuta za mawe, kisha vichaka, kisha ile changarawe nyeusi ambayo ukipiga hatua mbili unarudi moja. Kila kitu kilikuwa mahali pake: jiwe nililoliita kiti changu, mti uliolala kwa upepo, mahali ambapo bahari inatokea pande zote mbili na wageni wote, miaka yote, wanasema neno moja kwa lugha zao. Nilitamani niwe tena wa miaka saba. Saba, siyo minane.

Shangazi alikuja nyuma, fimbo yake ikigonga. Mama mmoja mnene wa Tumbo aliomba radhi kwa kuchelewesha watu. Shangazi akamwambia kawia ufike, mlima haujahama tangu azaliwe. Kileleni tulichemsha mayai kwenye ufa unaotoa mvuke, kama tulivyofanya siku zote, na yakanuka kiberiti kama siku zote. Sijawahi kula mayai matamu kuliko yale.

Wakati wa kushuka, msafara ukatangulia, tukafika kwenye kona. Alisimama, akasalimia, akaweka nusu ya yai juu ya jiwe. Akamwambia mgeni wake kwamba leo ndiyo mwisho, atakayekuja baada yake hatasimama hapa, amsamehe.

Nikapiga moyo konde, nikafungua leso.

Alikitazama kibati muda mrefu bila kukigusa. "Umekiokota wapi?"

"Sikukiokota, Shangazi. Nilikichukua mimi. Siku ile, asubuhi, nikichezea. Hakuna mtu aliyebaki huku."

Aliketi juu ya jiwe, karibu na yai. Nilimwambia yote, kuku, blauzi, benchi, machela, na nikalia kama mtoto. Hakunishika. Aliuliza swali moja tu: kama nilikuwa nacho kifuani alipokuwa akijaza chupa. Nikasema ndiyo.

"Nimemwombea miaka kumi na tisa," alisema. "Mawazoni nilishampa mpaka mke."

Midomo ikamcheza, nikadhani anacheka, kumbe machozi. Kisha akaichukua ile nusu ya yai, akaitazama, akaila. Akainuka kwa fimbo na, bila kuniangalia, akaanza kushuka.

Nilibaki nimesimama. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona Shangazi kwa nyuma kwenye mlima ule. Siku zote aliniambia, "Tangulia, mwanangu." Sasa nikamfuata, na saa mbili nzima nikautazama mguu wake ukibembea, ukigusa, ukivuta changarawe, ukibembea tena. Hakuna kipigo alichowahi kunipa kilichoniuma hivyo. Hakugeuka hata mara moja kuona kama nipo.

Tulipofika kibandani wageni walikuwa wamekwisha kurudisha vibati, na magari yanaunguruma. Kichwa alitaka kusema maneno ya kuaga, alikuwa ameyaandika kwenye karatasi, lakini aliona nyuso zetu akaikunja. Alisema atakuja nyumbani kesho, akaondoka na wageni.

Shangazi akaketi kwenye benchi na kuanza kufungua kamba za viatu. Nikatundika kumi na tano. Nikashika kumi na nne, ambayo kitanzi chake cha kamba kilikuwa kimeoza, nikaivua kamba yangu ya nywele, nikaipitisha kwenye tundu na kuitundika. Msumari ulikuwa umeshika kutu. Shangazi alinyoosha kidole akahesabu toka mwanzo mpaka thelathini, polepole, kama mtu anayesoma barua aliyoingoja.

Halafu akachukua ile chupa ya maji ya mgeni, akanywa nusu yake, akanipa nusu. Nilikunywa. Alitafuta kwenye mkoba, chini kabisa, akatoa ufunguo ambao sikuwa nimeuona tangu nilipokuwa mdogo.

"Nyonga hii hunisumbua wakati wa baridi," alisema. "Wakati wa baridi utakuja kunipikia. Kila mwaka."

Nikasema nitakuja.

Tukatoka nje. Alivuta mlango, akajaribu kufuli, ikagoma kwa ukavu. Akanikabidhi ufunguo, akasogea pembeni akishika mkono wangu kwa ajili ya ule mguu.

"Funga wewe," alisema. "Leo wa mwisho ni wewe."