Maman Alphonsine Apimwa Mbele ya Wanawe

Maman Alphonsine Banza, jirani yangu wa ghorofa ya tatu pale Schaerbeek, alikuwa mwanamke wa kazi. Alizaliwa Likasi, kule Katanga, Kongo, akafika Brussels na mumewe, akamzika mumewe, akakuza watoto wawili, na mpaka mwaka ule wa 2013 ugali wa karamu za kanisa lao, wenyewe wanauita bukari, ulisongwa na mikono yake. Ukijidai kumpokea mzigo wa sokoni anakukata jicho. Shida yake ilikuwa magoti. Ngazi zetu ni kali na jengo halina lifti.

Kwa hiyo alitaka kuhamia mtaa wa Forest, kwenye nyumba za wazee ambako kila mmoja ana mlango wake, jiko lake, na kengele ya kuita msaada akianguka. Jiko lenyewe alishakwenda kuliona, akarudi akilisifia kama binti aliyechumbiwa. Lakini huingii hivi hivi. Kwanza anakuja mtu kukupima. Unaoga mwenyewe? Unavaa? Unapika? Ukiweza, unapewa nyumba. Ukishindwa, unapelekwa kwa wauguzi, unalishwa supu kwa kijiko, na jiko hulioni tena.

Wanawe, Lucienne na Hénock, desturi yao ilikuwa kuja Krismasi. Siku ya kupimwa walifika mapema, wamevaa kama wanakwenda harusini. Mimi nilikuwepo kwa sababu viti walivyokalia vilikuwa vyangu.

Mpimaji alikuwa Mbelgiji mpole, Madamu Claudine. Sasa, kwao Katanga na kwetu Bukoba ni yale yale: mgeni akiwa ndani, mzazi hainuki. Mzazi anahudumiwa. Lucienne akapiga magoti na beseni, akamnawisha mama mikono. Akamtolea samaki miiba. Hénock akamvisha ndara, kisha akamshika mkono kutoka kwenye kochi mpaka mezani, polepole, kana kwamba mama ni yai. Nilibanwa na kicheko, nikajisingizia kukohoa.

"Chakula anapika nani?" Madamu Claudine aliuliza kwa Kifaransa.

"Sisi," alijibu Lucienne, huku anatafuna samaki aliyepikwa na mama yake alfajiri.

"Na kuoga?"

"Namwogesha mimi, kila asubuhi."

Kila asubuhi! Huyu ambaye asubuhi ile ile, kule chini mlangoni, aliniuliza mimi kengele ya mama yake ni ipi. Lakini angesema nini? Kwamba mama anajipikia na kujifulia peke yake, na watoto wapo mji huu huu? Kuliko aibu hiyo, afadhali mama awe mgonjwa.

Na mama naye alinyamaza. Baadaye alidai hakutaka kuwaumbua wanawe mbele ya mzungu. Mimi nasema alinogewa pia. Nani hanogewi kunawishwa?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wetu alikuja, mwenyeji akaugua. Madamu Claudine alifunga kompyuta yake, akasema kwa huruma kabisa kwamba mama hawezi kuishi peke yake, atampendekeza kwa wauguzi. Nilimwona Maman Alphonsine akiliacha tonge lake kwenye sahani.

Mgeni alipotoka nilidhani atalia. Wapi!

"Bon," akawaambia. "Mupigie ule madame simu. Mumuambie mulimudanganya."

Hénock akainamisha kichwa. "Maman, batu batasema tulikutupa."

"Ah! Alors ni kweli unaniosha, Lucienne? Kesho asubui ukuye kuniosha. Na weye Hénock, utakuya kupika. Mulisema kila siku, donc kila siku."

Kesho yake Lucienne alitoka Anderlecht kwa metro ya kwanza, macho yamevimba kwa usingizi. Mama alikaa kwenye beseni la kuogea kama sultani. Akalalamika: maji ya baridi. Mgongo haukusuguliwa. Anza tena. Jioni Hénock akasonga bukari yenye mabuje ya unga, mama akairudisha jikoni. Niliitwa nije nionje. Nilionja, nikacheka mpaka nikatokwa machozi, na sijutii.

Wiki haikuisha. Asubuhi moja Lucienne mwenyewe alimpigia simu mpimaji, povu la sabuni bado liko mikononi.

"Madamu, tulikudanganya! Mama anaweza kila kitu. Ana nguvu kutushinda. Tafadhali, mrudie, hata leo!"

Madamu Claudine alirudi. Safari hii Maman Alphonsine alimfungulia mlango mwenyewe, akampikia mwenyewe, akamwonyesha hata jinsi anavyotandika kitanda. Nyumba ya Forest akapewa.

Siku jibu lilipokuja nilipiga vigelegele. Lucienne alimrukia kaka yake shingoni, wakakumbatiana kama watu waliotoka jela, na kabla chai haijamiminwa walishavaa makoti. Tukawasikia wakicheka ngazi nzima mpaka chini.

Maman Alphonsine alikuwa ameshinda, na uso ulimshuka. Nilimwuliza kulikoni.

"Hata juma moya haikuisha," alisema. "Na mi, Adelina, nilibaosha miaka ngapi?"